Jinsi ya Kulifuatilia Neno la Kiingereza Hadi Kwao

Kiingereza kina maneno ambayo hata wenyewe hawakutani nayo mara kwa mara: 'blighty', 'buckshee', 'nabob', 'dukawallah', 'mufti' kwa maana ya nguo za kiraia avaazo askari, 'shrub' kwa maana ya kinywaji. Msomaji anayejua Kiswahili akiyakuta kitabuni husita kidogo, maana mengi yana sura anazozifahamu. Katika moja anamwona naibu, katika jingine anaiona bakshishi. Hapo ndipo kazi inapoanza, na kwa bahati mbaya hapo ndipo wengi wanapoiishia. Wameona sura, wametangaza asili, wamefunga kitabu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda mbele zaidi, na unashikilia jambo moja tu: asili ya neno huthibitishwa kwa njia lililopita, na kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Usiseme neno limetoka lugha fulani mpaka uweze kuonyesha lilibebwa na akina nani, wakati gani, na likapita mlango upi hadi kufika kwenye karatasi ya Mwingereza.

Utaniuliza: kama sauti zinalingana na maana inalingana, kuna haja gani ya ushahidi mwingine? Haja ipo, kwa sababu vinywa vya binadamu vina sauti chache na lugha ni maelfu. Wambabaram wa kaskazini mwa Queensland, Australia, mbwa wao walimwita 'dog', sauti na maana zile zile za Kiingereza, na wanaisimu walioichunguza lugha hiyo walionyesha kwamba neno ni lao la asili, limebadilika kwa kanuni zile zile zilizobadilisha maneno yao mengine. Kwa Kiajemi 'bad' ni kibaya, kama kwa Kiingereza, na maneno hayo mawili hayana uhusiano wowote. Kama sadfa inaweza kufanya kazi safi namna hiyo, basi kufanana ni sababu ya kuuliza swali, na swali lenyewe bado halijajibiwa.

Chukua 'jumbo', linalosemwa sana kuwa ni 'jambo' letu, au 'jumbe'. Neno hili lilipata umaarufu kwa tembo aliyefikishwa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum wa Marekani mwaka 1882, akafa mwaka 1885. Ukianza na kufanana, hadithi inakamilika yenyewe: tembo wa Afrika, neno la Afrika, kwisha. Ukianza na njia, inavunjika mara mbili. Kwanza, tembo huyo alikamatwa upande wa Sudani na jirani zake, akapitishwa kaskazini hadi Ulaya; hakupita pwani ya Waswahili. Pili, neno 'jumbo' limeandikwa katika Kiingereza cha mitaani tangu 1823, likimaanisha mtu mkubwa asiye na wepesi, yaani miongo minne kabla ya tembo huyo kufika London. Watunga kamusi wengine hukisia kwamba kuna neno la Afrika ya Magharibi au ya Kongo nyuma yake, na wanalinganisha na 'nzamba', tembo kwa Kikongo. Hilo ni kisio, na wao wenyewe wanaliita hivyo. Lakini 'jambo' limekwisha kuondolewa kwenye orodha, na lililoliondoa ni tarehe na ramani.

Msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa katika kazi hii, na faida hiyo hiyo ndiyo mtego wake. Kiswahili kimekaa karne nyingi kwenye bahari ile ile ambayo Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno walisafiria, na Kiingereza kilikuja baadaye kikachota kwenye visima hivyo hivyo. Kwa hiyo maneno mengi yanayofanana katika lugha hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja, wala hakuna aliyemzaa mwenzake. 'Monsoon' na 'msimu' yametokana na 'mawsim' ya Kiarabu, wakati maalumu wa mwaka. Kwetu lilifika moja kwa moja, kwa midomo ya mabaharia waliongoja kaskazi na kusi. Kwa Waingereza lilipitia Kireno, 'monção', na ile 'n' ya mwisho ambayo Waarabu hawanayo ndiyo alama ya Mreno. 'Nabob' ni Mwingereza aliyerudi kwao na utajiri wa India. Chanzo chake ni 'nawab', cheo kilichopatikana India kutokana na wingi wa 'naib' wa Kiarabu, huyu huyu naibu wetu. 'Buckshee', kitu cha bure katika lugha ya wanajeshi, na 'bakshishi' yetu yamekutana kwa Waajemi. 'Kismet' na 'kismati' ni vivyo hivyo, ila la Kiingereza limepitia Kituruki. Ukisema Waingereza waliyatwaa haya kwetu umekosea, na kosa lenyewe linaficha historia nzuri zaidi, ya bahari moja iliyolisha lugha nyingi.

Basi anza na tarehe. Kamusi kubwa ya Oxford ilibuniwa mwaka 1857 na chama cha wanafilolojia wa London, ikapata mhariri wake mkuu, James Murray, mwaka 1879, ikaanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Thamani yake kwa kazi hii ni kwamba kila maana ya neno imefungwa kwenye maandishi yenye mwaka, kutokana na vipande vya karatasi vilivyotumwa na wasomaji wengi wa kujitolea. Huna uwezo wa kuilipia? Merriam-Webster mtandaoni hutoa mwaka wa kwanza bila malipo kwa maneno mengi. Kwa maneno ya India na bahari yake kuna kamusi ya Henry Yule na Arthur Burnell ya mwaka 1886, 'Hobson-Jobson', ambayo jina lake lenyewe ni somo: ndivyo masikio ya askari wa Kiingereza yalivyousikia wito wa Muharram, «Ya Hasan! Ya Husain!». Andika mwaka, kisha jiulize Waingereza walikuwa wapi mwaka huo, wakifanya nini, wakizungumza na nani.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mwaka wa kwanza kuandikwa si mwaka wa kwanza kusemwa. Mabaharia, wapagazi na wapishi hawakuandika kamusi, na neno linaweza kuishi midomoni miaka mingi kabla mtu hajalitia wino. Isitoshe, watafiti huendelea kupata maandishi ya zamani zaidi na kuirudisha tarehe nyuma. Ni kweli. Ndiyo maana tarehe itumike zaidi kukanusha kuliko kuthibitisha. Haiwezi kukuambia kwa uhakika neno lilizaliwa lini, lakini hukuambia lini lilikuwa limekwisha kuwapo, na asili yoyote inayodai kwamba lilikuja baada ya hapo imeanguka. Tarehe mpya ikigunduliwa, huwa ya zamani zaidi. Kilichoangushwa na tarehe ya jana hakiinuliwi na ya kesho.

Baada ya tarehe, tafuta mlango. Wengine hudharau hatua hii. Husema kwamba mradi mzizi ni Kiarabu, habari ya kupitia Uturuki au Italia ni mapambo ya wasomi. Wajibu kwa sharubati. Kutokana na mzizi wake wa Kiarabu, wenye maana ya kunywa, Kiingereza kilipata maneno manne kwa milango minne. 'Syrup' liliingia zama za kati kupitia Kilatini na Kifaransa, kwenye vitabu vya matabibu, na ndiyo sababu hadi leo dawa ya kikohozi ya maji mazito huitwa hivyo. 'Sherbet' lilikuja karibu na mwaka 1600 kupitia Kituruki na Kiajemi, kwa wasafiri walioonja kinywaji baridi cha matunda. 'Sorbet' limepita Italia na Ufaransa, likawa kitu cha kugandishwa na kuliwa kwa kijiko. 'Shrub' lilionekana karne ya 18, likiwa maji ya limau au chungwa yaliyotiwa sukari na pombe kali, jambo ambalo lingewashangaza waliolitumia neno hilo Makka. Mzizi ni mmoja, lakini mzizi hauelezi hata moja ya tofauti hizi; zote zinaelezwa na mlango. Vivyo hivyo 'magazine', lenye mzizi mmoja na hazina yetu: mwanzoni lilikuwa ghala, kisha ghala la baruti, na mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London akaliita chapisho lake 'The Gentleman's Magazine', ghala la maandishi. Anayejua mzizi peke yake hawezi kukuambia kwa nini jarida na ghala la risasi vina jina moja.

Neno linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni 'blighty'. Mwingereza wa leo akilisikia hucheka kidogo, kwani linanuka vita vya babu zake. Maana yake ni Uingereza, nyumbani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari walioko kwenye mahandaki ya Ufaransa walilitumia pia kwa jeraha la kiasi, lisiloua lakini linalotosha kumrudisha mtu kwao. Kwa sauti linaonekana Kiingereza kitupu. Sasa lifuate kinyumenyume. Jeshi la Waingereza lilikaa India miongo mingi, na huko Wahindi wasemao Kiurdu walikuwa na neno 'vilayati', au kwa matamshi ya sehemu nyingi 'bilayati', kwa kitu chochote kilichotoka ng'ambo, hasa Uingereza. Yule na Burnell wanataja 'maji ya bilayati', yaani soda. Askari wakalichukua, wakalikata, wakalipa mwisho wa Kiingereza. Nyuma ya Kiurdu kuna Kiajemi, na nyuma ya Kiajemi kuna 'wilaya' ya Kiarabu, eneo lililo chini ya mtawala. Na hapa msomaji wa Kiswahili anafika nyumbani bila kutegemea, kwa kuwa 'Ulaya' yetu inahusishwa na neno hilo hilo, na 'wilaya' ya mkuu wa wilaya pia. Kwa hiyo Mwingereza aliyeota 'blighty' akiwa kwenye tope la Flanders, na Mswahili aliyesema fulani kaenda Ulaya, walikuwa wanatamka neno moja. Hakuna jicho ambalo lingegundua hilo kwa kutazama maandishi tu: 'Ulaya' na 'blighty' hayafanani hata kidogo. Kufanana hukutuma kusiko, na kutofanana hukuzuia kwenda kuliko. Njia pekee ndiyo iliyoyaunganisha.

Sura ya neno ina kazi yake pia, mradi uisome kama alama ya safari. Maneno ya Kiarabu yaliyopita Hispania mara nyingi yamebeba 'al' mbele, kama 'alcove', ambalo ni 'al-qubba', kuba, lililopita Kihispania na Kifaransa. Yaliyopita Italia aghalabu yameidondosha: Mhispania anaita pamba 'algodón', Mwitaliano 'cotone', na Kiingereza kikasema 'cotton', hapo unajua ni upande upi wa Mediterania uliolileta. Wakati mwingine alama ni kosa la mwandishi. 'Zenith', kilele cha mbingu, lilitokana na 'samt', njia, katika maneno ya Kiarabu ya «njia iliyo juu ya kichwa». Wanakili wa Kilatini waliandika 'cemt', na mwandiko wa zama hizo, uliojaa vijiti vya wima, ukaifanya 'm' isomeke 'ni', ikawa 'cenit'. Wingi wa neno hilo hilo, 'as-sumut', ulisalimika na ukawa 'azimuth', ambalo wapima ardhi wanalitumia hadi leo. Na 'dukawallah', neno la Kiingereza cha Afrika ya Mashariki kwa mwenye duka wa Kihindi, lina utata mtamu. Kihindi kina 'dukanwala', Kiswahili kina 'duka', na yote mawili yamerithi 'dukkan' ya Kiarabu. Yupi alilitoa? Itazame ile 'n' iliyokosekana. Kihindi kinaishikilia, Kiswahili kimeiacha. Kwa hiyo mkia ni wa Mhindi, lakini kichwa kimeshikwa na mkono wa Mswahili. Usilazimishe chanzo kimoja pale penye viwili. 'Typhoon' limepokea tufani ya Kiarabu kupitia Wareno, likakutana na «upepo mkubwa» wa Kikantoni, na wasomi wakalivisha tahajia ya Kigiriki.

Jihadhari zaidi na asili yenye kuchekesha. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba 'kangaroo' maana yake ni «sijui»: Mzungu kauliza jina la mnyama, mwenyeji kajibu kwamba haelewi swali, Mzungu kaandika. Ukweli ni kwamba James Cook na Joseph Banks walilirekodi neno hilo mwaka 1770 kwenye mto Endeavour, Australia, meli yao ilipokuwa ikitengenezwa. Mwaka 1820 nahodha Phillip Parker King alifika hapo akapewa neno jingine kabisa, na mashaka yakazidi. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1970, mwanaanthropolojia John Haviland alipojifunza lugha yenyewe, Guugu Yimithirr, na kukuta 'gangurru', jina la aina moja ya kangaruu wakubwa. King, inaelekea, alipewa neno la jumla la mnyama wa kuliwa. Wenyeji walikuwa wamejibu sawasawa tangu mwanzo. Waliokosa ni wale ambao kwa miaka 200 waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mwenyeji hakuelewa kuliko kwenda kumuuliza tena. Hadithi ya aina hii ipo kwa maneno mengi ya Afrika na Amerika, na kila unapoikuta, ishuku kwanza.

Hapo linakuja pingamizi zito kuliko yote. Kamusi hizi ziliandikwa na wenye himaya. Tukitegemea tarehe zao na njia zao, je, si tunaacha Afrika ionekane haikutoa kitu? Hofu hiyo ina msingi, lakini tiba yake ni ushahidi zaidi, uliokusanywa pia upande wetu. Ukitaka kuona neno letu lililoshinda mtihani, tazama 'safari'. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwaka 1857 kuelekea maziwa makuu, na kitabu chake cha 1860 kimejaa maneno ya msafara. Mbebaji anajulikana, mwaka unajulikana, maana ni ile ile ya msafara wa miguu bara, na irabu ya mwisho ni ya kwetu. 'Safar' ya Kiarabu haina. Hakuna aliyehitaji kulitetea kwa ukali.

'Dengue' lina kesi ngumu zaidi, na inafaa uisome polepole. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka 1872 juu ya homa iliyoenea kisiwani mwaka 1870, ambayo Waswahili waliiita 'kidinga pepo'. Aliarifiwa kwamba ugonjwa kama huo uliwahi kupita huko katika miaka ya 1820. Mnamo 1827 na 1828 homa inayofanana nayo ilivuma visiwa vya Karibi, na kwa Kihispania ikaitwa 'dengue'. Enzi hizo meli zilikuwa zikichukua watumwa kutoka pwani ya Msumbiji hadi Kuba. Tarehe zinaruhusu, njia ya bahari ipo, sauti zinakaribiana. Lakini Kihispania kilikuwa tayari na neno 'dengue' la mtu wa maringo na madeko, na kwa Kiingereza homa hiyo iliitwa kwa neno la mtanashati anayetembea kwa kujikaza, kama mgonjwa wa viungo anavyotembea. Kinachokosekana ni andiko moja la Karibi linaloonyesha neno likitoka mdomoni mwa mtu wa Afrika ya Mashariki. Ndiyo maana kamusi makini huandika «huenda», na wewe andika hivyo hivyo. Jifunze kuzisoma alama hizo: kamusi ikisema linganisha, haijasema limetoka, ikisema asili ya mbali, inakuambia kuna mlango mwingine katikati. Kwa upande wetu fungua kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya 1882 na ile ya Sacleux ya 1939 hadi 1941, ambayo haikuacha lahaja nyuma na hutaja asili ya maneno, uone neno lilikuwa na umbo gani hapa kabla hujaliwazia ng'ambo. Leo Tanzania homa hiyo huitwa kidingapopo, na umbo hilo lisichukuliwe kuwa ndilo alilolisikia Christie.

Na upande wetu una deni pia. Vitabu na magazeti mengi hudai 'chikungunya', jina la homa ya virusi, ni Kiswahili. Virusi hivyo vilitambuliwa kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za Wamakonde, Newala, Tanganyika; Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza mwaka 1955, wakachukua jina walilolitumia wagonjwa wenyewe, la kupinda kwa maumivu ya viungo. Mswahili hakulitunga na hana haki ya kulipokea kwa niaba yao. Miaka michache baadaye, 1959, homa ya jamii hiyo hiyo ilizuka kaskazini mwa Uganda, na jina lake la kitabibu, 'o'nyong-nyong', ni la Waacholi. Ukikuta kitabu kinachokipa Kiswahili 'chikungunya', chukua kalamu uandike pembeni: Kimakonde, Newala, 1952.